Mgeni wa Siku ya Tatu: Chakula cha Jioni katika Nyumba ya Wenyeji



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mazungumzo ya safari nayo huanza. Baadhi yenu huvuka Ziwa Tanganyika kutoka Uvira au Kalemie hadi Kigoma. Wengine hutoka Lubumbashi, wakapita Zambia hadi mpaka wa Tunduma. Mwisho wa njia, kwa wengi, ni Dar es Salaam. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, safari hii imezidi kuzungumzwa katika nyumba zetu.

Na kila mwaka mzazi mmoja au wawili hunijia baada ya Misa wakiwa na swali lile lile. Mtoto amepata nafasi ya masomo, amepata na chumba, lakini chumba chenyewe kimo katika nyumba ya familia ya Kiislamu. "Katekista, je, ale nao?" Hawaulizi kwanza juu ya karo, wala juu ya Kiingereza kitakachomsumbua mtoto darasani. Wanauliza juu ya chakula. Ninaliheshimu swali hilo. Kwetu, mtu aliyekosana na ndugu yake hujulikana kwa kuikataa sahani yake. Na wengi wetu tulilelewa kwa onyo la kutokula ovyo katika nyumba za watu, kwa hofu ya sumu. Anayekula kwako amekukabidhi uhai wake. Kwa hiyo mzazi anayeuliza juu ya chakula ameuliza juu ya jambo zito.

Jibu langu ni hili: ale nao, tena ale nao mara nyingi, ila asile kama mtu aliyeshukia hotelini. Nitaeleza kwa nini, na nitazitaja pia hofu za wazazi, maana si zote zilizo za bure.

Tuanze na jinsi chakula chenyewe kinavyoliwa, kwa sababu wengi hukataa kitu wasichokijua. Katika nyumba nyingi za Pwani, iwe Dar es Salaam, Tanga au Unguja, jioni hupimwa kwa adhana. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, sala ya magharibi huswaliwa, na chakula cha usiku hufuata baadaye. Kuna nyumba zenye meza, viti na vijiko kama za mjini popote. Kuna nyingine ambamo mkeka hutandikwa sakafuni, likaletwa sinia moja la wali, na watu wakakaa kulizunguka. Kabla ya kula, mtoto hupita na birika na bakuli, akammiminia kila mtu maji ya kunawa. Mkono unaotumika ni wa kulia tu. Kila mmoja hula upande ulio mbele yake, wala hapeleki mkono upande wa jirani. Nyama au samaki humegwa na mkubwa wa sinia, naye mara nyingi husukuma kipande kizuri mbele ya mgeni. Ukipewa hivyo, pokea. Katika baadhi ya nyumba wanaume hula peke yao na wanawake peke yao. Basi msichana atakula na mama wa nyumba na binti zake, na huko ndiko atakakosikia mengi.

Utakapoingia, waamkie wakubwa kwa "Shikamoo", nao watakujibu "Marahaba". Sisi tumezoea "Jambo" kwa watu wote, mdogo na mkubwa. Kule, kijana anayemwambia mzee "Jambo" huonekana hakulelewa. Ukipita mahali watu wanapokula, watakuambia "Karibu", nawe usipotaka kula utajibu "Starehe". Maneno hayo mawili ni mafupi, lakini asiyeyajua hupita kimya, na kimya chake huhesabiwa kuwa kiburi.

Hapa nafika kwenye hofu ya kwanza, ambayo ni ya vijana wenyewe zaidi kuliko wazazi. Ni aibu ya lugha. Kijana wa Bukavu au Lubumbashi anafika Tanzania akijua kwamba anajua Kiswahili, kisha anafungua kinywa na watoto wa nyumba wanacheka. Anasema bugali, wao wanasema ugali. Anasema sombe, wao wanasema kisamvu. Anauliza lenga-lenga, anaonyeshwa mchicha. Ndagala wake wa Uvira, kule anaitwa dagaa. Anasema "Unipe chumvi" kama tunavyosema sisi sote, naye mama wa nyumba anashangaa, kwa kuwa kwao neno la adabu ni "Naomba chumvi". Baada ya jioni mbili za namna hiyo, wengine huanza kusingizia masomo. Hununua mkate na chai, wakala chumbani peke yao, au huenda kila usiku kwa Wakongomani wenzao mtaa wa pili.

Mimi nilisomea ualimu, na jambo moja la kwanza tulilofundishwa ni hili: usimfundishe mtoto neno bila kumwonyesha kitu. Mwonyeshe jani, kisha mtajie jina la jani. Basi ni wapi ambapo kitu na jina lake hukutana vizuri kuliko mahali pa kula? Pale mwiko uko mkononi, chungu kiko mbele, na neno linakuja pamoja na harufu yake. Kicheko cha mtoto kwenye mkeka hakimjeruhi mtu. Ni masahihisho yasiyotozwa ada. Ukikubali kuchekwa mwezi mmoja, mwezi wa pili utakuwa unacheka nao, na wa tatu wao watakuwa wanakuomba uwaambie jinsi mnavyosema kwenu. Kiswahili chetu hakina haja ya kuona haya. Ni mojawapo ya lugha nne za taifa letu, na kina historia yake. Lakini lugha ya nyumba ya watu hujifunzwa nyumbani mwao.

Hofu ya pili ni ya imani, na hiyo ndiyo wazazi huileta kwangu. Je, kula futari ni kushiriki ibada ya watu wengine? Je, nyama iliyochinjwa na Mwislamu inafaa kuliwa na Mkristu?

Wakristu wa Korintho walikuwa na swali linalofanana na hilo, tena kali zaidi, maana nyama ya sokoni kwao iliweza kuwa imetolewa mbele ya sanamu. Mtume Paulo hakuwakataza kuitikia mialiko ya wasio wa imani yao, wala hakuwataka wachunguze asili ya kila kilichopakuliwa. Alichowataka waangalie ni dhamiri ya ndugu aliye dhaifu. Naye Yezu, alipowatuma wale wanafunzi sabini na wawili, hakuwapa chakula cha njiani. Aliwaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea na wale watakachopewa. Aliwatuma wakiwa wahitaji makusudi, ili wawe na haja ya mkono wa mwenyeji. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, uliwataja Waislamu kwa heshima, ukahimiza pande zote mbili zitafute kuelewana. Kuelewana huko hakutokei katika vitabu tu. Lazima kuwe na mahali ambapo watu wawili wanakaa chini.

Futari ni chakula cha kufungulia saumu jua linapozama. Huwa na tende, uji wenye pilipili manga, mihogo au magimbi ya nazi, tambi, kaimati. Mgeni anayekula futari hajasilimu, na wenyeji wanalijua hilo kuliko yeye. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu. Fikirini jambo hilo: nyumba moja, watu wa imani mbili, wote wamo katika mfungo. Kijana Mkatoliki aliyekuwa katika nyumba ya namna hiyo alikuwa na nafasi ambayo sisi tuliobaki parokiani hatukuwa nayo. Aliweza kuona jinsi mtu anavyokaa siku nzima bila tone la maji, katika joto la Dar es Salaam, kisha akamwachia mtoto wa jirani tende ya kwanza. Yeye naye aliweza kuonyesha kwamba Kwaresima yetu si hadithi.

Lakini haya hayawezekani kwa kujificha. Mpe mwenyeji ukweli mapema, siku ya kwanza, kabla chakula hakijapikwa. Mwambie mama wa nyumba kwamba Ijumaa za Kwaresima huli nyama. Naye, akiwa wa Pwani, atakupikia samaki bila kuona taabu. Mwambie kwamba Jumapili asubuhi utakuwa Misani, asikungoje kwa chai. Wao wakianza kwa Bismillahi, wewe fanya ishara ya msalaba, taratibu, bila kuificha na bila kuionyesha kama bendera. Usipeleke bia wala nyama ya nguruwe katika nyumba hiyo, hata chumbani mwako. Wakati wa mfungo wao usile mchana mbele yao. Na usiugeuze mkeka kuwa uwanja wa mashindano ya dini. Ukiulizwa, jibu, usipoulizwa, kula.

Kuna mzazi aliyeniambia: "Lakini katekista, wapo waliokwenda wakaacha imani." Sikatai. Wapo. Ila ninapowakumbuka vijana ninaowafahamu waliopoa katika imani wakiwa ugenini, siwakumbuki kama watu waliokula sana na wenyeji. Walikuwa wapweke. Hawakuwa na mtu wa kuwauliza wamerudi saa ngapi, wala wa kuona kwamba Jumapili imepita nao wamelala. Nyumba inayomcha Mungu, hata kwa jina jingine la dini, humwuliza kijana kama amesali. Chumba kitupu hakimwulizi.

Hofu ya tatu siwezi kuipuuza, nayo ni usalama. Si kila nyumba inayofungua mlango ni nyumba njema. Ikiwa msichana haheshimiwi, ikiwa mvulana anageuzwa mtumishi asiye na muda wa kusoma, ikiwa mtu anawekewa masharti ya kubadili dini ili apate kula, hapo ni kuondoka, na ni kuondoka mapema. Kabla ya kusafiri, jueni parokia iliyo karibu na mahali mtakapoishi, na wiki ya kwanza nendeni mkajitambulishe kwa padri. Mwenye mahali pa kukimbilia hukaa kwa watu bila woga.

Sasa nirudi kwenye neno nililosema mwanzo, kwamba asile kama mtu aliyeshukia hotelini. Mnaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma kama methali ya kufukuza, kana kwamba mwenyeji amechoka na sasa anatafuta namna ya kumwondoa mgeni. Mimi naisoma vingine. Mtu humpa jembe yule anayemhesabu kuwa wa nyumbani. Mgeni wa kweli hukaa kwenye kiti akitazama wengine wakilima. Siku anapopewa jembe, amepewa pia nafasi katika shamba, na haki ya kusema kwamba mavuno haya nami nilishiriki. Asiyepewa jembe kamwe atabaki mgeni hata akikaa miaka minne.

Kwa mwanafunzi, jembe hilo liko jikoni na dukani. Jifunze kukaa juu ya mbuzi ukakuna nazi. Nenda kachukue mkate alfajiri. Beba mtungi wa gesi au gunia la mkaa. Osha sinia. Wavulana, nawaambia ninyi hasa, kwa kuwa tuliwalea tukiwaacha mseme kwamba vyombo ni kazi ya dada zenu. Ikiwa katika nyumba hiyo mwanamume haingii jikoni, kazi nyingine hazikosekani: kuteka maji, kununua samaki, kuwafundisha watoto Kifaransa au hesabu baada ya chakula. Msisubiri kuombwa. Mwenyeji wa Pwani ataona haya kukuomba, na ukitaka kusaidia atakukataza mara mbili. Mara ya tatu atanyamaza, nawe utakuwa umeingia.

Na kuna hesabu ambayo vijana hawaioni. Katika nyumba ya mshahara mdogo, sahani yako imetoka mahali fulani. Samaki aliyekuwa wa watu saba sasa anagawanywa kwa wanane. Mama hatakuambia. Atakata vipande vidogo zaidi, na chake yeye kitakuwa kidogo kuliko vyote. Ikiwa kodi ya chumba inahesabu na chakula, ilipeni kwa siku yake. Ikiwa haihesabu, toeni kilicho ndani ya uwezo wenu: kilo ya sukari, chupa ya mafuta, mchele wakati wazazi wanapowatumia fedha. Mkabidhini mama wa nyumba mwenyewe, kimya, si mbele ya wageni. Kula kila siku katika chungu cha mtu maskini bila kutia kitu, ukijiambia kwamba huo ni ukarimu wa Kiafrika, ni kumtegemea mtu anayeona haya kukukatalia.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kuna jambo kubwa kuliko shahada. Wengi wa wenyeji wenu wanaijua Kongo kwa njia mbili tu: muziki na vita. Wamesikia nyimbo zetu harusini, wameona wakimbizi wetu Kigoma, basi. Wewe utakuwa Mkongomani wa kwanza aliyewahi kunawa mikono kwenye bakuli lao. Watakuuliza juu ya vita. Watakuuliza ni nani mwenye kosa, na ni kabila gani, na kwa nini haviishi. Jioni hiyo, ukiwa umechoka, utajibu nini? Ukitupa neno la chuki juu ya taifa zima au kabila zima, watoto walio kwenye mkeka watalibeba neno hilo maisha yao yote, na watalisadiki, kwa kuwa limetoka kwa mtu waliyekula naye. Ukisema uliyoyaona kwa macho yako, na yale usiyoyajua ukayaacha, watabeba hilo pia. Hakuna balozi wetu anayesikilizwa kama wewe utakavyosikilizwa pale.

Nawe utarudi na kitu. Aliyekula miaka mitatu na wenzake tu hurudi akijua njia ya kutoka chumbani hadi darasani. Simlaumu, chakula cha kwetu na lugha ya kwetu ni dawa ya hamu ya nyumbani, na Jumapili moja moja ni vema kukutana. Lakini aliyekula na wenyeji hurudi akijua jinsi baba wa pale anavyogawa kidogo alichonacho, jinsi watu wanavyokaa na mfiwa, jinsi ugomvi wa mke na mume unavyotulizwa na bibi. Siku atakapokuwa mwalimu, mganga au hakimu, hatawahesabu tena watu wa dini nyingine kuwa kundi lisilo na uso.

Wala jambo hili halihitaji pasipoti. Uislamu uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Ujiji, na hadi leo Kasongo na Kindu zina familia nyingi za Kiislamu. Zipo Kalemie, zipo Bukavu, zipo Lubumbashi. Wengi wetu tumezaliwa na kukua mlango kwa mlango nao, tumesoma darasa moja, tumecheza mpira uwanja mmoja, na hatujawahi kula usiku hata mara moja nyumbani mwao, wala wao kwetu. Mzazi anayeogopa sinia la Dar es Salaam, mara nyingi hajawahi kuvuka njia ya mtaa wake mwenyewe. Na wanafunzi wanaokuja katika miji yetu kutoka wilaya za mbali au nchi jirani, wanaopanga vyumba nyuma ya nyumba zetu na kupika peke yao kwa jiko dogo la makaa, nani amewaita mezani?

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikundi vya vijana walifanye hili kuwa zoezi la mwezi, si mada ya kujadili tu. Kila kikundi kitafute mwanafunzi mmoja mgeni, awe wa dini yoyote, na familia moja ya parokia itakayomwalika chakula cha jioni. Asialikwe mara moja kwa sherehe. Aalikwe mara tatu, na mara ya tatu apewe kazi ya kufanya.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika mtaa wenu, ni nyumba gani ambayo familia yenu haijawahi kula ndani yake? Sababu ni ipi, na nani aliwafundisha sababu hiyo?

2. Kama ungeulizwa leo jioni, katika nyumba ya wageni, juu ya vita vya nchi yetu, ungesema nini ambacho hutaona haya kikirudiwa na mtoto?

3. Nyumbani kwenu, jembe hupewa mgeni siku ya ngapi?